Bibi Akikusahau Jina: Maradhi ya Kale, na Mzigo ni wa Nani?



Bibi yangu alishona kofia za viua tangu usichana wake. Miaka ya mwisho alikuwa hanijui. Akiniita kwa jina la dada yake aliyekwishafariki, na asubuhi moja akiniuliza mara kumi kama Adhuhuri imeshaadhiniwa. Lakini ukimpa sindano na uzi, mkono ulikwenda wenyewe. Majirani wengine walisema kachezewa, wengine wakasema ana shetani. Nikaanza kutafuta: waliotutangulia waliyaonaje haya?

Katika dini yetu si jambo geni. Surat an-Nahl aya ya 70 na Surat al-Hajj aya ya 5 zimetaja umri dhalili, mtu anaporudishwa mpaka asijue kitu baada ya kuwa akijua. Mtume (SAW) mwenyewe alimuomba Allah amkinge na umri huo. Na Surat al-Israa aya ya 23, inayotukataza hata kuwaguna wazazi, inazungumzia wazee waliofikia utu uzima wakiwa kwetu, mikononi mwetu.

Matabibu wa Kiislamu nao hawakulinyamazia. Katika karne ya 10 Ibn al-Jazzar wa Kairouan, Tunisia, aliandika risala nzima juu ya kusahau na tiba yake. Karne iliyofuata ikafasiriwa kwa Kilatini, Wazungu wakaisoma. Yeye na Ibn Sina walidhani ubongo umezidiwa na baridi na unyevu. Sababu hiyo leo haikubaliki, lakini mahali walipatafuta ndipo: kwenye ubongo. Na mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga hospitali kubwa Cairo, tajiri na maskini, wanaume na wanawake wakitibiwa humo kwa mali ya wakfu. Yaani mgonjwa hakuwa mzigo wa nyumba yake peke yake.

Jina tunalolisikia leo lilitoka Ujerumani. Novemba 1901 mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter, alipokelewa hospitali ya Frankfurt. Mumewe alikuwa ameshindwa kumuuguza nyumbani. Daktari Alois Alzheimer alikaa naye, akamuuliza maswali na kuandika kila jibu. Alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake, akakuta umesinyaa na una uchafu usio wa kawaida. Mwaka 1910 maradhi yakapewa jina lake. Ni aina moja tu ya demensia, ingawa ndiyo iliyoenea zaidi, na mpaka leo haina dawa ya kuiponesha.

Sasa tuje kwetu, hasa nyinyi mabiharusi. Somo hutufundisha kujifukiza udi, kupika na kumpokea mume. Nani anatufundisha kumuogesha mama mkwe anayekufukuza akidhani wewe ni mwizi? Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 70 ya saa za kuwahudumia wagonjwa hawa zinabebwa na wanawake. Visiwani kwetu aghalabu mwanamke huyo ni mke wa mtoto wa kiume.

Masheikh wengi wanaeleza kuwa wajibu wa wazazi uko kwa watoto wao wa kuwazaa. Anachofanya mkwe ni ihsani, na ihsani hushukuriwa, hailazimishwi. Kwa hiyo kabla ya akdi uliza: mama akiugua, atakaa kwa nani? Ndugu watagawanaje siku na gharama? Kuuliza si utovu wa adabu. Ndoa nyingi huchoka kwa yasiyosemwa mapema.

Na ukishakuwa naye, mpeleke hospitali kwanza, maana dawa fulani, maambukizi au upungufu wa vitamini huweza kumchanganya mzee na vikatibika. Usibishane naye. Akikuita kwa jina la marehemu, itika. Akikosea rakaa usimkaripie, kwani aliyeondokewa na akili kalamu imeinuliwa juu yake. Nawe ukichoka, sema. Kuchoka si dhambi.

Kofia ya mwisho ya bibi haikumalizika. Ninayo, na sindano yake bado imechomekwa.

Allah awarehemu wazee wetu na awalipe wanaowalea. Amin.