Injini Isiyozimwa

Mgodi mkubwa wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001. Tangu hapo dizeli, saruji na mitambo hupita barabara ya Kahama kwenda Kakola, nasi wa Segese tuko njiani. Machi 2017 Serikali ilipozuia makinikia kusafirishwa nje, nchi nzima ilihesabu makontena. Tulibishana kuhusu kilichomo ndani yake hadi bungeni. Moshi wa malori yaliyoyabeba sikumsikia mtu akiutaja.

Nao ulikuwa umeshatajwa. Juni 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu. Ushahidi mzito ulitoka migodini: nchini Marekani, wafanyakazi zaidi ya 12,000 wa migodi walichunguzwa. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zikashusha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Hatua njema, lakini injini kuukuu hutoa masizi hata ikinyweshwa dizeli safi.

Kwingine walianza na saa ya mkononi tu. California, tangu 2005, lori zito lililosimama haliruhusiwi kunguruma zaidi ya dakika 5. Jiji la New York ni dakika 3, na jirani na shule dakika 1.

Kwetu dereva hushuka kula, utingo akaenda kutafuta chai, lori likabaki likinguruma mbele ya vibanda. Ukiwauliza, watakuambia stata ni mbovu, betri imechoka, upepo wa breki utashuka. Nawaelewa. Ila upepo hujaa tena baada ya muda mfupi, na stata ni gharama ya mwenye lori. Kwa nini ilipwe na mapafu ya muuza mihogo?

Sheria tunazo. Ipo ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kanuni za ubora wa hewa za 2007. Tena Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inairuhusu hata halmashauri ya kijiji kutunga sheria ndogo, wanakijiji wakishatoa maoni na halmashauri ya wilaya ikaidhinisha. Vijiji vimeitumia kulinda misitu na kudhibiti mifugo. Nitaipeleka hoja kwenye mkutano wa kijiji, nayo ni fupi: ukisimama Segese zaidi ya dakika 5, zima injini.