Somo la Historia: Vyuo Vyetu vya Fedha Vilitoka Wapi?

 

Pengine mtoto wako amemaliza kidato cha sita, naye anataka kusomea shahada ya mambo ya fedha. Amekuletea majina ya vyuo vitatu, akauliza, "Baba, niende kipi?" Usimjibu, "Mimi sikusoma, sijui." Sikiliza kwanza historia ya vyuo hivyo.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961, mabenki makubwa yalikuwa ya wageni. Chuo kikuu kilichofunguliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba mwaka ule kilianza na somo la sheria tu. Nchi ilikuwa na bendera yake, lakini wenyeji waliojua kuendesha benki walikuwa wachache sana.

Mwaka 1965 kilianzishwa Chuo cha Elimu ya Biashara, Dar es Salaam, ili tupate watu wa biashara na hesabu.

Kisha, mwezi Februari, 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilitaifisha mabenki. Kutaifisha maana yake ni kufanya mali iwe ya taifa. Ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Haya, benki zetu, lakini nani atazisimamia? Ndiyo maana mwaka 1972 sheria ilianzisha Chuo cha Usimamizi wa Fedha, kifundishe mambo ya benki, bima na hesabu.

Mzumbe, karibu na Morogoro, palikuwa na shule tangu mwaka 1953. Ilifundisha watumishi wa serikali za mitaa. Mwaka 1972 ikawa chuo cha uongozi wa maendeleo, na mwaka 2001 ikawa Chuo Kikuu Mzumbe. Na Chuo cha Uhasibu Arusha kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1990.

Umeona? Kila chuo kilizaliwa na haja yake. Lakini mtoto hukua, na chuo hubadilika. Siku hizi vyote hivi hutoa shahada. Basi usichague kwa sifa za zamani wala kwa uzuri wa majengo. Uliza mambo matatu.

Kwanza, je, chuo na shahada yenyewe vinatambuliwa? Tume ya Vyuo Vikuu hutoa kitabu cha mwongozo kila mwaka. Mwambie mtoto akusomee.

Pili, kinafundisha nini hasa? Mhasibu huandika na kupanga hesabu za fedha. Mtu wa fedha hutafuta mtaji na kuamua uwekwe wapi. Tena, anayetaka kuwa mhasibu kamili hamalizi kwa shahada. Humngoja mitihani ya Bodi ya Wahasibu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972.

Tatu, gharama ni kiasi gani? Usihesabu ada peke yake. Hesabu chakula, chumba na nauli kwa miaka mitatu. Ng'ombe akiuzwa mwaka wa kwanza, mwaka wa pili utauza nini?

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kikimwagika mara moja, kukijaza tena ni taabu.

Maswali ya darasani:
1. Kwa nini nchi ilihitaji wasimamizi wa benki baada ya mwaka 1967?
2. Mhasibu na mtu wa fedha wanatofautianaje?
3. Andika gharama za mwanafunzi kwa mwaka mmoja, kisha zijumlishe.