Akiba ya Damu ya Kitovu

Tangu kale, katika jamii nyingi za Afrika ya Mashariki, kitovu cha mtoto mchanga hakikutupwa ovyo. Kilizikwa, na hata leo mtu akitaka kutaja kwao husema kwamba ndiko kilikozikwa kitovu chake. Hospitalini mambo yalikuwa mengine. Kwa miaka mingi kitovu na kondo la nyuma vilihesabiwa kuwa takataka za uzazi, na damu iliyosalia ndani yake ikapotea pamoja navyo. Yafaa tujue jinsi damu hiyo ilivyopata thamani.

Damu ya mwanadamu hutengenezwa katika uboho wa mifupa. Humo mna seli shina, ambazo ni kama mbegu: kwazo huzaliwa damu mpya kila siku. Uboho ukiharibika, mgonjwa hana budi kupewa mbegu za mtu mwingine. Mwaka 1957 daktari Mmarekani, E. Donnall Thomas, alitangaza majaribio yake ya kuwatia wagonjwa uboho wa watu wengine, na mwaka 1990 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Lakini uboho wa watu wawili haupatani kwa urahisi, na wagonjwa wengi walikufa wakimngoja mtu wa kulingana nao.

Katika miaka ya 1980, Hal Broxmeyer wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, na wenzake walionyesha kwamba damu ya kitovu ina mbegu hizo, na kwamba yaweza kugandishwa kwa baridi kali zisife. Wakati huo palikuwa na mtoto wa kiume wa Kimarekani, mwenye umri wa miaka 5, aliyerithi ugonjwa uitwao anemia ya Fanconi, ambao huudhoofisha uboho. Mama yake alikuwa mjamzito, na vipimo vilionyesha kwamba mtoto aliyemo tumboni hana ugonjwa huo, tena anapatana na kaka yake. Alipozaliwa, damu ya kitovu chake ilikingwa, ikagandishwa, kisha ikavushwa bahari mpaka Paris. Mwezi wa Oktoba 1988, katika hospitali ya Saint-Louis, daktari Eliane Gluckman alimtia mgonjwa damu ile. Mbegu zikashika, na mvulana akaishi mpaka utu uzima. Dada yake mdogo hakutobolewa mfupa wala hakuumizwa.

Habari hizo zilizaa benki za namna mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Pablo Rubinstein alianzisha benki ya umma mjini New York. Wazazi hutoa damu bure, nayo huwekwa katika naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ikimngoja mgonjwa yeyote atakayepatana nayo. Namna ya pili ni kampuni za faragha, ambazo hutoza ada na kumwekea mtoto damu yake mwenyewe.

Ipi ni bora? Mzazi hawezi kulaumiwa kwa kumwekea mwanawe akiba. Hata hivyo, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimeshauri benki ya umma, isipokuwa kama nyumbani yupo ndugu mgonjwa awezaye kuponywa kwa damu hiyo, kwa mfano mwenye ugonjwa wa selimundu, unaowatesa watoto wengi wa magharibi na pwani ya Kenya. Sababu ni wazi: mtoto akirithi ugonjwa wa damu, damu ya kitovu chake nayo inao. Tena damu hiyo ni kidogo, na mara nyingi haimtoshi mtu mzima.

Wahenga walisema akiba haiozi, nao walisema kweli. Lakini na tukumbuke kwamba mvulana yule wa kwanza hakuokolewa na akiba yake mwenyewe. Aliokolewa na damu ya mwenziwe.