Lobelia: jina la mtu, ua la ukingoni

Neno lobelia limetokana na jina la Matthias de l'Obel, tabibu na mtaalamu wa mimea aliyezaliwa Lille mwaka 1538 na kufariki Uingereza mwaka 1616. Kwa Kiswahili liingie ngeli ya I-ZI: lobelia imechanua, lobelia zimechanua. Sioni haja ya "malobelia".

Waliopanda Kilimanjaro wanaijua ndugu ya lobelia ya bustanini, Lobelia deckenii, ambayo huweza kumpita mtu kimo, na usiku hukunja majani kukinga kichipukizi chake na baridi. Hii ya bustanini, Lobelia erinus, yenye asili ya kusini mwa Afrika, hukua kama shibiri tu. Ndiyo maana hupandwa ukingoni mwa tuta, au kwenye kikapu cha kuning'inia ikamwagika pembeni kwa buluu iliyokolea, na kwa macho yangu hakuna buluu inayoishinda. Mbegu zake ni vumbi hasa: zinyunyize juu ya udongo wenye unyevu, usizifukie, maana zinahitaji mwanga. Kikapu hukauka upesi. Jua likiwa kali, mwagilia asubuhi na jioni. Maua yakipungua, ipunguze kwa mkasi, itachanua tena.