Uzima, uzazi, mapendo

Muulize mtu wa Kolwezi hali yake na huenda akakujibu, "Tuko bazima." Umemuuliza mmoja, amejibu kwa niaba ya nyumba yote. Afya, neno lililotufikia kutoka Kiarabu, lina kazi yake na linaifanya vizuri: kituo cha afya, chanjo, mizani ya watoto. Uzima unachukua zaidi. Mzizi wake, -zima, ndio ulio katika mkate mzima, kitu kisichopungua, na katika mtu mzima, aliyekua akakamilika. Majirani zetu waliotoka Kasai husalimiana kwa "moyo", na kwao neno hilo ni uzima pia.

Neno uzima lilifikiriwa kwa kina hapa hapa. Mwaka 1953, Ruwe, kambi ya wafanyakazi wa mgodi karibu na Kolwezi, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, alikuwa akikutana na wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière pamoja na wake zao. Mikutano hiyo ikazaa Jamaa, vuguvugu la Kikatoliki, na mafundisho ya Jamaa yakasimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo.

Tazama yalisemwa wapi. Tangu miaka ya 1920 kampuni ilikuwa imeamua kwamba mfanyakazi akae kambini na mke na watoto, apewe nyumba, posho, shule na hospitali. Mwili ulitunzwa kwa sababu kazi iliuhitaji. Afya, basi, ilikuwepo. Watu wa Jamaa walikuwa wakitafuta kitu kingine, nao walikiita umuntu, yaani utu. Uzazi wao haukuishia tumboni: waliokuingiza katika Jamaa walikuwa baba yako na mama yako, wamekuzaa upya kwa mafundisho. Mapendo yalianzia kati ya mume na mke, ndani ya nyumba ya kampuni, kabla ya kutoka nje. Pwani wengi husema upendo. Mimi kiambishi ma- hunifanya nisikie matendo mengi, ya kila siku, ya kuonekana.

Lakini wema unaosifiwa bila mshahara ni hatari. Katika kitabu chake kuhusu falsafa ya Wabantu, kilichotoka Élisabethville mwaka 1945, Tempels aliiweka nguvu ya uzima juu ya kila kitu. Mwaka 1950 mshairi Aimé Césaire alimshambulia vikali: ukimwambia mkoloni kwamba Mwafrika hadai malipo bora wala nyumba bora, anadai tu utu wake utambuliwe, umemwondolea mkoloni deni lote. Nadhani Césaire alikuwa sahihi kabisa hapo. Mzee wa Ruwe alistahili heshima na pesa, vyote viwili, tena kwa wakati.

Historia ya mkoa wetu inathibitisha hayo. Manganizi ya Kisenge ilikuwa ikisafiri kwa reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito. Vita vya Angola vilipoikata reli hiyo mwaka 1975, mji uliojengwa juu ya mgodi mmoja ulibaki na madini yasiyo na njia. Kolwezi nayo iliona Gécamines, mrithi wa Union Minière, ikidhoofika. Mwaka 2003 wafanyakazi wapatao 10,000 waliondolewa chini ya mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari". Istilahi hiyo naikataa. Mtu ambaye hajalipwa miezi mingi, ana watoto wa kulisha, hiari yake iko wapi? Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa ameshaandika kuhusu bana Shaba, wana wa Shaba, walioachwa na baba yao, na jina hilo lina ukweli zaidi kuliko lile la ofisini.

Leo kuna Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako tangu mwaka 2014 kobalti imechimbwa chini ya nyumba za watu. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walichapisha vipimo vyao: kobalti ilikuwa nyingi katika mikojo na damu za wakazi, hasa watoto. Hayo ni maneno ya afya, na tunayahitaji. Ila mama anayepokea majibu hayo haishi ndani ya damu ya mtoto wake peke yake. Anaishi katika nyumba yenye vumbi, na mume anayeshuka shimoni kwa sababu hakuna kazi nyingine. Akiulizwa, "Muko bazima?", swali linafika hadi kwenye shimo hilo, hadi kwa anayenunua kobalti, na mwulizaji atalazimika kusema atafanya nini kuhusu vumbi, maji na mahali pa kuhamia.