Kusasisha bila Kufuta: Wahariri wa Kujitolea na Takwimu za Uchumi katika Wikipedia

Aprili 2025 Shirika la Fedha Duniani (IMF) lilitoa makadirio yake ya uchumi wa dunia, na katika majedwali yake Kenya ilikaa juu ya Ethiopia. Pato la Taifa la Kenya kwa mwaka huo lilikadiriwa kufikia takriban dola bilioni 132, la Ethiopia bilioni 117. Kwa mhariri wa kujitolea wa Wikipedia, habari ya namna hiyo ni mwito wa kazi. Popote palipoandikwa kwamba Ethiopia ndiyo yenye uchumi mkubwa kuliko nchi nyingine za Afrika Mashariki, sentensi inaonekana kuchakaa. Anafungua ukurasa, anafuta jina moja, anaandika jingine, anahifadhi. Ni kazi ya dakika mbili, na anayeifanya anaamini, kwa nia njema kabisa, kwamba ameongeza ukweli duniani.

Tuangalie ni kitu gani hasa kilichobadilika. Tarehe 29 Julai 2024 Ethiopia iliacha sarafu yake, birr, ielee sokoni, na katika miezi iliyofuata birr ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake mbele ya dola. Mavuno ya kahawa ya Sidama hayakupungua kwa nusu, wala viwanda vya Addis Ababa havikufungwa nusu yake. Upande wa Kenya mambo yalikwenda kinyume: shilingi iliyokuwa imevuka 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024 ilirudi kwenye 130 hivi ndani ya miezi michache. Nafasi za nchi hizi mbili zilibadilishana kwa sehemu kubwa kwa sababu kipimo, yaani dola, kilisogea. Ukipima kwa uwezo wa kununua, Ethiopia ilibaki mbele katika takwimu za shirika lilelile. Tena takwimu ya 2025 iliyotolewa Aprili 2025 ni makadirio ya mwaka ambao miezi minane yake ilikuwa bado haijaja.

Mhariri wetu hakusema uongo. Alichofanya ni kuivua tarakimu mavazi yake matatu, yaani mwaka, kipimo na chanzo, kisha akaifuta ile iliyotangulia ambayo ingemwezesha msomaji kuona kwamba kuna jambo limetokea. Hoja ya makala hii ni kwamba usasishaji wa takwimu za uchumi unaofanywa kwa kufuta na kubadilisha hupunguza maarifa hata pale tarakimu mpya inapokuwa sahihi, na kwamba Wikipedia ya Kiswahili, yenye wahariri wachache, ina sababu kubwa zaidi kuliko ile ya Kiingereza ya kuukataa.

Ugumu unaanzia kwenye tabia ya takwimu zenyewe. Urefu wa Mlima Kilimanjaro hupimwa upya mara chache, na kipimo kipya huwa karibu sana na kile cha zamani. Pato la Taifa haliko hivyo. Ofisi za takwimu hubadilisha mwaka wa kizio, yaani mwaka unaotumika kama msingi wa hesabu, kila baada ya miaka kadhaa ili hesabu zishike sekta ambazo zamani hazikuwapo au hazikuonekana. Nigeria ilipofanya hivyo Aprili 2014, ikihamisha mwaka wa kizio kutoka 1990 hadi 2010, pato lake la 2013 liliongezeka kwa asilimia 89 kwenye karatasi na likaipita Afrika Kusini. Simu za mkononi na filamu za Nollywood zilikuwa zimekua miaka yote hiyo pasipo kuhesabiwa ipasavyo. Septemba mwaka huohuo Kenya ilihama kutoka 2001 hadi 2009, na pato la 2013 likapanda kwa asilimia 25 hivi, kutoka dola bilioni 44 hadi 55. Tanzania ilifuata Desemba, kutoka 2001 hadi 2007, na ongezeko likawa zaidi ya robo. Ghana ilikuwa imetangulia Novemba 2010 kwa ongezeko la takriban asilimia 60.

Chukua sasa makala ya Wikipedia iliyokuwa na pato la Kenya la 2012 kwa hesabu ya zamani, halafu mhariri akaweka la 2014 kwa hesabu mpya. Msomaji atakayelinganisha ataona ukuaji ambao haukutokea. Mwanafunzi wa kidato cha sita atauandika kwenye insha, na mwandishi wa habari atautafutia sababu: bomba fulani, barabara fulani, uongozi fulani. Mwanahistoria wa uchumi Morten Jerven, katika kitabu chake Poor Numbers cha 2013, alionyesha jinsi wataalamu wenyewe walivyonaswa na mitego ya aina hii katika takwimu za Afrika. Ikiwa wao walinaswa, mhariri wa kujitolea anayefanya kazi usiku baada ya ajira yake hastahili lawama. Anachohitaji ni utaratibu unaomkinga.

Tanzania ina mtego mwingine ambao nadhani haujapewa uzito unaostahili. Pato la Taifa linalotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ni la Tanzania Bara. La Zanzibar hutayarishwa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, Zanzibar. Benki ya Dunia nayo imeweka tanbihi kwenye takwimu zake za pato la Tanzania kwamba zinahusu Bara tu. Idadi ya watu, kwa upande mwingine, hutangazwa kwa Muungano mzima: sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, kati yao 1,889,773 wakiwa Zanzibar. Katika kisanduku cha taarifa kilicho pembeni ya makala ya nchi, tarakimu hizi mbili hukaa jirani chini ya jina moja, Tanzania, na hakuna kinachomwonya mtu kwamba hazihusu eneo lilelile.

Kanuni za Wikipedia zinakataza utafiti wa mhariri mwenyewe, lakini ile ya Kiingereza inaruhusu hesabu nyepesi za kujumlisha na kugawanya. Ndipo mtu anapogawanya pato la Bara kwa watu wa Muungano na kupata pato la mtu mmoja lililo pungufu kwa karibu asilimia 3. Ni kiasi kidogo? Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliitangaza Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini kwa sababu wastani wa pato la mtu kwa 2019 ulikuwa dola 1,080, na kizingiti kilikuwa 1,036. Pengo lilikuwa dola 44. Kosa la asilimia 3 kwenye 1,080 ni dola 32 hivi. Tangazo hilo lilipokelewa nchini kwa fahari, maana Dira ya Taifa ya Maendeleo ilikuwa imelenga kufika hapo mwaka 2025. Kosa dogo la mgawanyo lingeweza kumeza karibu robo tatu ya pengo lililotenganisha kundi moja na jingine. Na zaidi ya hesabu kuna suala la haki: kijana wa Pemba anayesoma habari za uchumi wa nchi yake anastahili kujua kama karafuu za kwao zimo ndani ya tarakimu anayoisoma au hazimo.

Hadhi hizo nazo hazidumu. Mwaka uleule wa 2020 Morisi ilipandishwa kuwa nchi ya kipato cha juu, na mwaka mmoja baadaye, baada ya janga la korona kuua utalii, ikashushwa. Sentensi isemayo kwamba Morisi ni nchi ya kipato cha juu ilihitaji kusahihishwa ndani ya miezi kumi na miwili. Isemayo kwamba iliainishwa hivyo Julai 2020 haitahitaji kusahihishwa kamwe.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaopima ubora wa ensaiklopidia ya mtandaoni kwa upya wa tarakimu zake. Wikipedia ya Kiingereza ina maelfu ya wahariri wanaoshinda kwenye kurasa za nchi, kwa hiyo inaweza kumudu sentensi za wakati uliopo, kwa kuwa zikichakaa atapatikana wa kuzirekebisha. Ya Kiswahili, iliyoanza 2003, inabebwa na kundi dogo la watu walio Tanzania, Kenya na ughaibuni. Makala zake nyingi zilizaliwa kwa tafsiri. Kati ya 2009 na 2010 Google iliendesha shindano la kuandika makala za Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo wa Afrika Mashariki, makala nyingi zikatafsiriwa, shindano likaisha, na wengi wa washiriki hawakuendelea kuhariri. Anayetafsiri sentensi ya wakati uliopo kutoka Kiingereza hutafsiri pia ahadi iliyomo ndani yake, kwamba kuna mtu ataitunza. Kwetu mara nyingi mtu huyo hayupo. Sentensi hubaki inasema “sasa” kwa miaka kumi.

Mtu atajibu kwamba kudai mwaka, kipimo na chanzo kwa kila tarakimu ni kuwaongezea mzigo watu wachache waliochoka. Mimi naona ni kuwapunguzia. Mhariri aandikapo kwamba mwaka 2013, kwa mwaka wa kizio wa 2009, pato la Kenya lilikuwa takriban dola bilioni 55, amemaliza. Hakuna anayelazimika kurudi. Atakayekuja baadaye ataongeza mwaka mwingine pembeni, na wa tatu ataongeza wake, na kidogo kidogo makala itapata kitu ambacho tarakimu moja mpya haiwezi kutoa: mwenendo. Uhaba wa wahariri ndio unaotulazimisha tuandike sentensi zisizooza.

Jibu jingine ni la kiufundi. Kila toleo la ukurasa huhifadhiwa katika historia yake, kwa hiyo hakuna kinachofutwa kweli. Ni sawa, lakini historia hiyo ni hifadhi ya wahariri. Msomaji wa kawaida haingii humo, na programu za akili mnemba zinazojifunza kutokana na Wikipedia kwa kawaida hulishwa maandishi yaliyopo juu ya ukurasa. Kilichotolewa kwenye maandishi hayo, kwa watu wengi kimetoweka.

Wikidata, hazina ya data iliyozinduliwa Oktoba 2012, inatoa mfano mzuri zaidi. Humo thamani mpya ya Pato la Taifa huongezwa kando ya zile za zamani, kila moja ikiwa na mwaka wake na chanzo chake, kisha moja huteuliwa kuwa ya kuonyeshwa kwanza. Muundo huo unakubaliana na ninachokitetea. Hofu yangu ni pale tarakimu inapovutwa kutoka huko hadi kisanduku cha Wikipedia ya Kiswahili pasipo mtu kuipitia, kwa sababu tanbihi kuhusu Bara na Zanzibar inaweza isisafiri nayo, na mwaka ukaachwa njiani. Roboti ziletwe, zinaokoa jasho; lakini zilete tarakimu pamoja na mwaka wake, na kisanduku kisichoweza kuonyesha mwaka kisionyeshe tarakimu.

Lipo swali zito kuliko yote haya: vyanzo vyenye heshima vikipingana, mhariri afanye nini? Kwa mwaka 2018 Serikali ya Tanzania ilitangaza ukuaji wa uchumi wa asilimia 7.0, na Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya Julai 2019, ikakadiria asilimia 5.2. Mabishano hayo yalikuja wakati mgumu. Septemba 2018 Bunge lilikuwa limerekebisha Sheria ya Takwimu ya 2015 na kufanya kuwa kosa la jinai kusambaza takwimu zenye kulenga kubatilisha, kupotosha au kudhoofisha takwimu rasmi, adhabu ikiwa kifungo au faini kubwa. Benki ya Dunia ilionyesha wasiwasi wake hadharani mwezi uliofuata, na Juni 2019 Bunge likakiondoa kipengele hicho cha jinai. Kwa miezi hiyo tisa, mhariri aliyekaa Dodoma au Mwanza akitaka kuweka tarakimu mbili zinazopingana kwenye ukurasa mmoja alikuwa na sababu ya kusita ambayo mwenzake wa Berlin hakuwa nayo.

Anayesasisha kwa kufuta hulazimika kuchagua mshindi kati ya 7.0 na 5.2, na uchaguzi huo ni wa kisiasa hata akiufanya kwa kurusha sarafu. Anayesasisha kwa kuongeza haamui kesi isiyo yake. Anaandika kwamba Serikali ilitangaza hivi na Benki ya Dunia ikakadiria vile, na kwamba tofauti hiyo yenyewe ilijadiliwa. Siamini kwamba hili ni kukwepa msimamo. Kwa mtu anayetaka kuelewa Tanzania ya 2018, kuwapo kwa tarakimu mbili ni tukio la kihistoria lenye uzito sawa na tarakimu zenyewe.

Katika kazi hii mhariri wa Kiswahili ana mtaji ambao hatumii vya kutosha. Kila Juni, kabla ya hotuba ya bajeti, Bunge la Tanzania hupokea kitabu cha Hali ya Uchumi wa Taifa, kilichoandikwa kwa Kiswahili, chenye majedwali ya miaka kadhaa mfululizo na maelezo ya kila sekta: kilimo, madini, mawasiliano, ujenzi. Ni chanzo ambacho mhariri asiyejua Kiswahili wa Toronto au Delhi hawezi kukisoma kwa wepesi, na ambacho hutenganisha mambo ambayo majedwali ya kimataifa huyabana kwenye safu moja. Makala ya uchumi wa Tanzania iliyojengwa juu ya vitabu hivyo, toleo baada ya toleo, kila jedwali likitajwa kwa mwaka wake, ingekuwa na undani ambao ya Kiingereza haina, na wahariri wa lugha nyingine wangeanza kutafsiri kutoka kwetu.