Ngitili

Msukuma akifunga eneo la malisho wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani kiangazi, eneo hilo huliita ngitili. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilipowahamisha watu, ngitili nyingi zilikufa. Mwaka 1986 mradi wa HASHI ukaanza kurudisha uoto Shinyanga. Wataalamu wangeweza kuandika "hifadhi ya malisho" wakaishia hapo. Walichukua neno la wenyeji, na leo limo katika nyaraka za serikali. Nalifurahia mno. Si kila lugha hupewa heshima hiyo: mwaka 1876 mfalme wa Urusi alipiga marufuku kuchapa vitabu vya Kiukraina. Kisukuma hakikufikwa na hayo, ila darasani hakina nafasi. Basi mtoto wa Kisukuma huko Geita amwulize bibi yake: ngitili yetu ilikuwa wapi?